Orodha ya yaliyomo inadanganya kurasa: angalia vichwa vyako kwanza

SWALI: Ndugu mtaalamu, habari ya kazi. Niko Bukavu, namalizia memwari yangu ya lisansi, kurasa 112. Orodha ya yaliyomo niliiandika mwenyewe kwa nukta-nukta, lakini nikirekebisha hata aya moja, namba za kurasa zote zinaharibika. Nilipojaribu ile ya otomatiki, Word ikasema haikupata kitu. Kijana wa sekretariati ananiambia nimwachie flashi, ataipanga siku ya kuchapa. Zimebaki wiki tatu. Nimwachie?

JIBU: Usimwachie, ndugu yangu. Ule ujumbe uliouona, «Aucune entrée de table des matières n'a été trouvée», yaani hakuna kitu cha kuweka kwenye orodha ya yaliyomo, ni wa kweli kabisa. Word imepita kurasa zote 112 ikitafuta vichwa, haikukuta hata kimoja. Wewe unaviona kwa sababu umevikoleza wino, umeviweka katikati na kuvipa ukubwa wa 14. Word haisomi wino. «CHAPITRE II : CADRE MÉTHODOLOGIQUE» yako bado imekaa ndani ya mtindo wa Normal, ule wa aya za kawaida, kwa hiyo hadhi yake ni ileile ya aya ya kuwashukuru wazazi. Mtu akivaa kofia ya mwami, mfalme wa jadi, hajawa mwami.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea, na hata wanaolipwa kwa kazi hii: wanadhani mitindo ni mapambo, kitu cha kupaka mwishoni kama rangi ya ukuta. Titre 1, Titre 2 na Titre 3, mitindo ya vichwa ndani ya Word ya Kifaransa, ni vyeo. Vikishakaa kwenye aya zake, orodha ya yaliyomo inavisoma, namba za sura zinavifuata, hata PDF inavitumia kutengeneza alama za kurukia sura. Vikikosekana, vyote hivyo utavifanya kwa mkono, na kila ukigusa aya moja utavifanya upya.

Tengeneza nakala ya faili kwanza, maana umeme wetu unaujua. Fungua nakala, bofya alama ya ¶ (mwisho wa aya) kwenye kichupo cha Accueil, juu ya dirisha. Utaona uchafu uliokuwa umejificha: ¶ kumi na tano zilizopangwa mstari ili kusukuma sura iende ukurasa mwingine, na mishale ya Tab iliyotumika kupeleka maneno katikati. Hizo ¶ tupu ndizo zinazofanya sura ianze katikati ya ukurasa ukiongeza sentensi mbili nyuma yake. Zifute zote. Kazi yake tutaupa mtindo wenyewe.

Sasa weka kishale ndani ya kichwa cha sura ya kwanza, nenda Accueil, upande wa kulia kwenye Sélectionner, uchague amri ya kukamata maandishi yote yenye umbo linalofanana. Kama ulikuwa mwaminifu kwa ile 14 yako, sura zote zitakamatwa kwa mkupuo mmoja, kisha utabofya Titre 1. Kama moja ni 14 na nyingine 13, zitakamatwa nusu. Zilizobaki zifuate moja moja, sura tano si kazi ya kulilia. Rudia hivyo kwa sehemu ndogo ukitumia Titre 2, na zilizo chini yake Titre 3.

Vichwa vitageuka buluu na fonti itabadilika. Hapo ndipo watu wanashtuka, wanakamata kila kichwa na kukirudisha cheusi kwa mkono, na wanaanza kuharibu upya. Bofya kulia juu ya jina Titre 1 kwenye orodha ya mitindo, chagua Modifier (kubadilisha), weka Times New Roman, 14, nyeusi, katikati. Chini kushoto bofya Format, kisha Paragraphe, kisha ukurasa wa Enchaînements. Weka tiki kwenye Saut de page avant: kila sura itaanza ukurasa mpya yenyewe. Kwa Titre 2 na Titre 3 weka Paragraphes solidaires, ili kichwa kisibaki peke yake chini ya ukurasa huku aya yake imeshahamia ng'ambo. Lakini usiguse tiki ya Mettre à jour automatiquement (mtindo kujibadilisha wenyewe). Ukiiweka, siku utakapopunguza kichwa kimoja tu, vyote vya cheo kile vitapungua nacho, na utatafuta mchawi.

Kuna kosa moja dogo linalorudi sana. «CHAPITRE II» mstari wa juu, jina la sura mstari wa chini, katikati yake kitufe cha Entrée (Enter). Kwa Word hizo ni aya mbili, na kwenye yaliyomo zitatoka kama sura mbili. Tumia Maj+Entrée (Shift na Enter): mistari inabaki miwili, aya inakuwa moja.

Namba za II.1 na II.1.3 usiziandike kwa vidole. Chukua Liste à plusieurs niveaux (orodha yenye ngazi nyingi) kwenye Accueil, fungua dirisha la kuunda orodha mpya, na funga kila ngazi na Titre wake. Ukifuta II.2, ile iliyokuwa II.3 inapanda yenyewe.

Baada ya hapo ingia Références, Table des matières. Orodha inatoka kwa sekunde chache. Haijirekebishi kila unapoandika, na wengi hapo husema imekufa: bofya ndani yake, bonyeza F9, chagua kurekebisha orodha nzima, si namba za kurasa peke yake. Ukiona kosa la herufi ndani ya orodha, lisahihishe kwenye kichwa chenyewe ndani ya kazi. Ukilisahihisha kwenye orodha, F9 ijayo italirudisha.

Turudi kwa kijana wako. Wako wachapaji wanaojua kazi, nao wanastahili pesa yao. Wengi lakini wanalipwa kwa ukurasa, na njia yao ni hii: wanabonyeza kitufe cha nukta mpaka ukingo, wanaandika namba wanayoiona kwenye kioo chao, wanachapa. Faili hiyo ukiifungua kwenye mashine isiyo na fonti uliyotumia, mistari inahama, ukurasa wa 41 unakuwa wa 43, na orodha inabaki inasema 41. Wewe unagundua mbele ya juri. Wengine wanapokea PDF na kuigeuza kuwa Word. Mara nyingi inarudi kila mstari ni aya yake, vichwa vimefungiwa ndani ya visanduku, hakuna cheo hata kimoja. Halafu kuna ile «modèle», faili ya mfano, inayotembea flashi hadi flashi toka promosheni za zamani. Fungua Fichier, Informations, uone jina la Auteur: mara nyingi ni la mtu aliyekwisha kutetea kazi yake. Ndani yake mna mitindo mingi iliyokusanywa kwa kubandika ovyo kutoka intaneti. Unapobandika, chagua Conserver uniquement le texte (maandishi matupu), basi.

Kumpima mchapaji kunachukua muda mfupi. Mwambie afungue kazi aliyoimaliza, aende Affichage, aweke tiki kwenye Volet de navigation. Upande wa kushoto lazima ujae sura na sehemu zako, na ukiburuta Titre 2 moja juu ya nyingine, aya zake zote zifuate. Kukiwa kutupu, hajafanya chochote zaidi ya rangi.

Na siku ya kuchapa usipeleke faili ya Word. Bonyeza Ctrl+A, kisha F9, hifadhi kama PDF, na kwenye Options za dirisha hilo weka tiki ya kuunda signets, zile alama za kurukia sura, kwa kutumia Titres. Hiyo PDF ndiyo unayoweka kwenye flashi.