Una PDL, bado hujawa dereva: maswali ya wasomaji wa Lamu na Malindi

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu leseni ya kujifunzia udereva, ile tuiitayo PDL. Nimezijibu zile ambazo naona majibu yake yatawafaa wengi.

Shikamoo maalim. Nina miaka 17, nimemaliza kidato cha nne. Naweza kuomba PDL ya gari sasa, nikifika 18 niingie mtihani moja kwa moja? – Kijana wa Maweni, Malindi

Marahaba mwanangu. Kwa gari, subiri 18. Ukishapata kitambulisho utafungua akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ombi la PDL hupitia humo hadi kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka inayosimamia leseni na usalama barabarani. Ada yake ni shilingi 650, unalipa kwa simu na risiti inatoka papo hapo. Mtu akikutajia elfu mbili "za PDL", mwambie akuonyeshe risiti ya serikali yenye kiasi hicho. Kwa sasa soma alama za barabarani hadi uzijue usiku na mchana. Hilo halina umri.

Maalim, mimi ni wa Langoni, Lamu. Nataka kazi ya trela huku bandarini. Naweza kuchukua PDL ya trela nisipoteze muda na gari dogo? – Mtafuta kazi

Ndugu yangu, njia hiyo haipo, na ni kheri haipo. Madaraja ya leseni yanapandwa moja baada ya jingine. Unaanza na B la gari dogo, kisha C1 la lori dogo, halafu C, ndipo ufike CE la lori lenye trela. Kila unapopanda, umri na uzoefu unaotakiwa unaongezeka. Najua gati la kwanza la bandari lilipofunguliwa mwaka 2021 vijana wengi wa Lamu walitumaini kazi zingekuja haraka. Sitaki ukate tamaa. Nataka uanze leo, kwa sababu miaka ya uzoefu haianzi kuhesabiwa mpaka uwe na leseni ya kwanza.

Kuhusu mahali pa kujifunzia, ukiwa na jamaa Malindi wa kukupokea, nenda ukakae huko mpaka umalize mafunzo. Utakutana na tuktuk zinazosimama ghafla, bodaboda wanaopita kushoto, mikokoteni, na watoto wanaotoka skuli. Kijana aliyekulia Lamu ana jicho zuri la vichochoro na punda, anajua kumpisha mtu. Kinachomtatiza ni kukadiria mwendo wa gari linalokuja kutoka mbali, kwa kuwa kisiwani halioni kila siku. Dawa yake ni hii: kabla hujashika usukani, simama mahali salama kando ya barabara ya Mokowe, huko bara. Chagua nguzo mbili, na kila gari linapofika ya kwanza, kisia litafika lini ya pili, uhesabu. Fanya hivyo mpaka makisio yako yawe karibu na kweli. Mwanafunzi aliyefanya zoezi hili namtambua siku ya kwanza anapotaka kuingia barabara kuu.

Nina PDL ya tuktuk. Ami yangu ananiachia yake jioni. Naweza kubeba abiria wachache nipate karo ya chuo? – Msomaji wa Barani, Malindi

La. Hata mmoja. PDL ni ruhusa ya kujifunza, na abiria wa nauli anahitaji dereva mwenye leseni kamili ya daraja lake. Ukipata ajali, bima inaweza kukataa kulipa, na deni la hospitali litamwangukia ami yako aliyekuamini.

Chuoni kwetu siku nyingi tunakaa kwenye meza ya modeli, gari tunalipanda muda mfupi tu. Na kuna mtu anatuambia kwa elfu kadhaa "mtihani utapita wenyewe". Tufanye nini? – Wanafunzi watatu, Malindi

Meza ya modeli msiidharau. Ule ubao wenye barabara, raundabauti na vigari vya kuchezea ndio mtahini anaoanzia. Anakwambia, "Toka hapa, nenda pale," nawe unakisogeza kigari kwa kidole huku ukitaja kila unalofanya: kioo, indiketa, kioo tena, laini gani unashika, unampisha nani. Wanaofeli hapo mara nyingi wamekariri njia. Mtahini akigeuza swali kidogo, kidole kinaganda hewani. Basi mfundishane kwa kuulizana "kwa nini": kwa nini umesimama hapa, kwa nini hukuingia.

Lakini modeli haifundishi mguu wa klachi, wala kuondoka mlimani bila kurudi nyuma. Karo mliyolipa ni pamoja na masomo ya garini. Nendeni kwa mkuu wa chuo mkiwa pamoja, kwa adabu, na daftari lenye tarehe na muda ambao kila mmoja ameendesha. Akikataa kuwasikiliza, hamisheni masomo.

Na huyo wa elfu kadhaa, mkataeni. Atakuuzia karatasi, kisha wewe uendeshe kwenye barabara ile ile anayovukia mamako akienda sokoni. Jambo hili linaniuma, na sitachoka kulisema.

Maalim, mume wangu ana leseni. Anaweza kunifundisha kwa gari letu la otomatiki? – Mama wa Watamu

Anaweza kukuongezea mazoezi, dada, chuo kikibaki ndicho msingi. Uwe na PDL yako, yeye akae kiti cha kando, herufi L nyekundu ionekane mbele na nyuma, na kwanza aipigie simu kampuni ya bima kuuliza kama inamkubali mwanafunzi. Kumbuka pia kwamba ukifanyia mtihani gari la otomatiki, leseni yako haitakuruhusu kuendesha la gia za mkono.

Mimi ni mvuvi. Mwanangu amepata PDL juzi. Boti letu tunalivuta kwa trela nyuma ya pikapu hadi kwa fundi. Sasa avute yeye? – Mzee wa Shela, Malindi

Mzee wangu, kwa heshima, bado. Mtihani wa gari dogo hautamgusia trela, na trela lina tabia zake. Unapofunga breki, linakusukuma kwa nyuma. Na boti lenye injini, uzito wake umekaa mkiani. Ukizidi nyuma ya ekseli, pua ya trela inainuka na mkia unaanza kuyumba. Lisogezeni boti mbele mpaka uzito uelemee kidogo upande wa pikapu, kisha mlifunge. Likianza kuyumba njiani, aliyeshika usukani aachie mafuta taratibu, ashike usukani ukiwa umenyooka, asikanyage breki kwa nguvu.

Rivasi ndiyo mtihani wenyewe. Mkono uwekwe chini kabisa ya usukani: unakoupeleka mkono, ndiko mkia wa trela unakokwenda. Akishapata leseni, mfundishe hilo uwanjani na trela tupu. Angalia pia kwamba trela lina nambari yake ya usajili, ile inayoanza na Z, na kwamba bima inalitaja.

Gari likizima barabarani na tukalivuta kwa kamba, wa nyuma afanye nini? – Dereva wa Gongoni

Wa nyuma awe dereva kamili, asiwe utingo wala mwenye PDL. Awashe swichi ili usukani usijifunge, na ajue kwamba injini ikiwa imezima breki inakuwa ngumu na usukani mzito, kwa hiyo aanze kukanyaga mapema. Kamba abaki ameinyoosha kwa breki nyepesi. Otomatiki msilivute magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa chini. Giaboksi haipati mafuta injini ikizima, mtaiunguza kabla hamjafika Malindi. Iteni breki-dauni ya kulibeba.