Bando moja, kompyuta mbili, na ukuta wa matumbawe

Juzi usiku kijana mmoja wa Faza, kule kisiwa cha Pate, aliniandikia: "Kaka, nina bando moja na kompyuta mbili, yangu na ya dada yangu. Kila siku ugomvi. Nifanyeje?" Nikacheka peke yangu. Simdharau. Swali hilo lilininyima usingizi karibu mwaka mzima. Nimelilipia fundi, nimekosana na mdogo wangu kwa ajili yake, na mwisho nikalimaliza mwenyewe kwa waya wa mita 22.

Nyumba yetu iko Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, au Amu kama tunavyouita wenyewe, nyumba ya kurithi, ya mawe ya matumbawe na chokaa. Wageni wakiingia hushangaa, maana mji wetu mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001. Lakini wanaousifu mji huu hawajawahi kukaa ndani ya nyumba hizi wakitafuta waifai. Ukuta wa msana wetu, yaani ukumbi mrefu ulioelekea uani, nimeupima kwa futi kamba: sentimita 54 za jiwe. Mimi hufanya kazi ya kutafsiri orofa ya juu kabisa, chini ya makuti, kwa kuwa huko ndiko simu inakoshika mtandao vizuri. Mdogo wangu anasoma chuo kwa njia ya mtandao, na kompyuta yake ya mezani iko chini, chumba cha ndani, chenye zidaka alizozijaza vitabu badala ya sahani za kale. Hotspoti ya simu yangu ikishuka ngazi hufika kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, ikiwa hoi. Chumbani kwake haiingii kabisa.

Kama kompyuta zenu mbili ziko chumba kimoja, washeni hotspoti ya simu, unganisheni zote mbili, mambo yamekwisha. Huna haja ya kusoma zaidi. Sisi wenye kuta nene ndio wenye kesi.

Nilikwenda kwa fundi. Akataka shilingi 6,500, nami nikazitoa, pesa za kazi ya wiki mbili. Akaja na kifaa cha kurudia mawimbi ya waifai, akakichomeka chumbani kwa mdogo wangu, taa zikawaka, akaondoka. Intaneti hakuna. Sasa nifikirie nawe: kifaa cha kurudia hurudia kile kinachosikia. Umekiweka mahali pasipofika mawimbi, kitarudia nini? Kilitakiwa kukaa katikati ya njia, pale ngazini, ambapo bado kuna kitu cha kusikia. Nilipompigia simu akaniambia, "Nyumba yenu ni ya kizamani, ndugu yangu." Ya kizamani! Hadi leo tukikutana ufukoni namwamkia, kwa kuwa nimelelewa. Lakini zile 6,500 sijazisahau.

Kifaa chenyewe nilikihamishia ngazini baadaye, kikafanya kazi kidogo, kwa kukatikakatika. Na ikiwa huna budi kutumia waifai kwenye nyumba ya mawe, chagua masafa ya GHz 2.4, usiende GHz 5. Yale ya 5 yana kasi lakini ukuta huyashinda upesi.

Jibu langu lilikuwa waya. Nasema tena, waya. Simu imechomekwa kwa USB kwenye laptopu yangu huku juu, na kwenye simu nimewasha kushiriki intaneti kwa USB (USB tethering), nayo laptopu inaipokea kama mtandao wa kawaida. Halafu waya wa netiweki (Ethernet) unatoka kwenye laptopu, unapita juu ya ukingo, unateremka kiwandani palipo wazi, unaingia msana wa chini hadi kwenye kompyuta ya mdogo wangu. Waya wa namna hii hufika hadi mita 100 bila taabu, kwa hiyo unatosha nyumba yoyote ya hapa Amu. Zamani ilibidi kutafuta waya maalumu wa kupishanisha ukiunganisha kompyuta mbili moja kwa moja. Za siku hizi hujipanga zenyewe. Kama laptopu yako ni zile nyembamba zisizo na tundu la waya, nunua adapta ya USB.

Kwenye Windows, andika ncpa.cpl kwenye kisanduku cha kutafutia, utaona miunganisho yako yote. Bofya kulia ule wa simu, ingia kwenye sifa zake (Properties), fungua kichupo cha kushiriki (Sharing), weka alama ya vema kwenye kisanduku cha kwanza, kisha chagua ule wa waya. Kompyuta ya pili usiiguse, iache ijipatie yenyewe anwani ya mtandao (namba ya IP). Ikipata inayoanza na 192.168.137, umefaulu. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilipiga kelele hadi punda wa jirani akanijibu.

Wiki ya tatu intaneti ikakatika ghafla. Nikakagua kila kitu kwenye kompyuta, saa nzima, nikaanza kuulaumu mtandao wa simu. Kushuka chini namkuta shangazi kiwandani ameanika leso nne mbichi juu ya waya wangu, ananiuliza, "Kamba hini mbona nyembamba hivi?" Uzito wa leso ulikuwa umechomoa plagi. Sikuwa na la kusema.

Kisa cha bando sasa. Nilinunua GB 10 jioni, nikalala, asubuhi zimebaki MB mia na kitu. Nilimlaumu mdogo wangu kwa filamu ambazo hakuzitazama. Kumbe ni kompyuta yake ilikuwa inajisasisha usiku kucha. Laptopu yangu nilikuwa nimeiambia kwamba mtandao ni wa kupimwa (metered), isipakue ovyo. Yake haikujua. Yenyewe inaona waya tu, na kompyuta ikiona waya hudhani data ni ya bure. Kwa hiyo ule mpangilio wa mtandao wa kupimwa uweke kwenye mashine zote mbili. Zote mbili.

Na sasa jambo ambalo sipendi kulisimulia. Kwa mpango huu, kompyuta yenye simu ndiyo mlango wa nyingine. Ikizimwa, ya pili haina kitu. Nililijua hilo. Siku ya mtihani wa mdogo wangu, saa nne asubuhi, laptopu yangu ikawa nzito, nami bila kufikiri nikaizima niiwashe upya. Ilipowaka, alama ya vema ipo pale pale lakini intaneti haishuki, tabia mbaya ya Windows hiyo. Dawa ni kuiondoa alama na kuirudisha. Nilikuja kulijua hilo dakika 40 baadaye. Mtihani ulikuwa umejifunga. Siku tatu hakunisemesha, chakula akaniwekea mezani akaondoka. Chuo kilimruhusu kuurudia, mimi bado naona haya.

Ndiyo maana nawaambia vijana wenzangu wa pwani, hasa nyinyi mnaotaka kula jasho lenu kupitia mtandao, na najua wengi wenu mnataka hivyo: jifunzeni vitu hivi wenyewe. Msikae mkimsubiri mtu wa mbali aje na boksi lenye taa. Nyumba unaijua wewe, ukuta unaujua wewe. Na mwenye kushika mlango wa wengine asiufunge bila kuuliza. Sasa kabla sijazima chochote hupiga ukelele kiwandani, "Nazima!" na kungoja jibu. Majirani wameshazoea.

Kaka wa Faza, ukiona kompyuta ya pili imepata anwani inayoanza na 169.254, ujue haijapewa chochote na ya kwanza. Anza kwa waya, shindilia plagi hadi usikie mlio. Kisha ile alama ya vema, iondoe uirudishe. Hasa waya. Nami jana nimemnunulia shangazi kamba ya nailoni mita 10, nimeifunga kiwandani upande wa pili, na leo asubuhi leso zimeanikwa pande zote mbili.