Vivumishi vinavyofanana: kwa watafsiri walioanza juzi

Wadogo zangu, nimerudisha tena rasimu zenye makosa yale yale ya kuchanganya vivumishi vya Kiingereza vinavyofanana, na programu ya kukagua tahajia haikupiga mstari mwekundu hata mmoja. Itapigaje, na kila neno limeandikwa sawasawa? Nawaandikia kwa sababu nawapenda, na kwa sababu nimechoka kuandika maoni hayo hayo pembeni mwa kurasa.

1. Anzeni na nomino. "Economic policy" ni sera ya uchumi, "economical car" ni gari lisilokula mafuta mengi. Ukiniandikia "gari la kiuchumi" nitajua hukulitazama gari.

2. Apollo 11 kutua mwezini tarehe 20 Julai 1969 ni tukio "historic", yaani kubwa, la kukumbukwa. Stakabadhi yoyote ya mwaka ule inaweza kuwa "historical", kwa kuwa tu ni ya zamani na mwanahistoria ataihitaji.

3. "Disinterested". Hapa tukae kidogo. Ilikuja hati ya wosia uliotiwa saini mbele ya "two disinterested witnesses". Kijana mmoja, hodari kweli wa Kiingereza, akaandika "mashahidi wawili wasiojali". Sentensi ilitiririka vizuri, mhakiki wa kwanza akaipitisha. Mimi nilipoifikia nilisimama. Mwanasheria gani atafute shahidi asiyejali? Wosia unamtaka asiye na maslahi: hayumo katika mirathi, hapati shamba wala sahani, na ndiyo maana neno lake linaaminika. Huyo anatakiwa ajali sana, aone nani ametia saini na kama akili zake zilikuwa timamu. Tulikuwa tumegeuza sifa ya shahidi kuwa dosari yake, tena katika hati ambayo watoto wa marehemu wangekuja kuisoma wakiwa wamegawanyika. Kijana aliumia, maana alikuwa ameikesha kazi ile. Nilimwonea huruma, lakini nilimrudishia hati yote aipitie upya.

Kinachowaponza ni kwamba Waingereza wenyewe hulitumia neno hilo kwa maana ya "uninterested", yaani asiyevutiwa na jambo, na kamusi zinaitaja maana hiyo. Kwa hiyo kamusi peke yake haitoshi. Tazama ni hati ya aina gani. Kwenye mazungumzo huenda kweli mtu amechoshwa. Kwenye wosia au uamuzi wa msuluhishi, shika maana ya asiye na maslahi.

4. "Continual" hukatika na kurudi, "continuous" haikatiki. Wanaotafsiri maelekezo ya mashine, tafadhali sana: mota isiyotakiwa kuzunguka mfululizo inaweza kuungua.

5. "Discreet" na "discrete" yametoka neno moja la Kilatini na hutamkwa sawa, basi masikio hayatawasaidia. Tumieni macho: katika "discrete" herufi t imezitenga e mbili, nalo lina maana ya vitu vilivyotengana. Lile lingine ni la mtu anayejua kutunza siri.

6. "Considerate" ni mtu anayewafikiria wenzake. "Considerable" ni kiasi kikubwa. Msimsifu mfanyakazi kwa neno la kupimia hasara.

Kuanzia rasimu ijayo, pigieni mstari kila kivumishi chenye pacha wake, na pembeni mniandikie kinaeleza nomino gani. Isiyo na mistari hiyo nitairudisha kabla sijaisoma.