"Mti uliua seli za saratani maabara": nilichokiona mwenyewe

Mkuu, umeuliza kwa nini hospitali hawatumii magome ya mti ambayo shangazi anamchemshia mama yako mwenye saratani, ilhali umesoma kwamba yaliua seli za saratani maabara. Kazi hiyo nimeifanya hapa Arusha nikisoma shahada ya pili.

Magome yetu tulipewa na mzee mmoja kule Meru. Tukayaanika kivulini, tukayasaga, tukayaloweka kwenye methanoli siku tatu, tukachuja na kuvukiza hadi likabaki tope jeusi. Mzee alipoliona alicheka: "Mimi nachemsha na maji, nyie mmeloweka kwenye spiriti. Hiyo si dawa yangu." Nikampuuza, kumbe alisema kweli. Methanoli hukamua vitu ambavyo maji ya moto hayavigusi.

Tope hilo maji hayaliyeyushi vizuri, hivyo hutumika kimiminika kiitwacho DMSO. Halafu unalijaribu kwa seli, sisi tulitumia HeLa, seli za saratani zilizotolewa kwa mgonjwa Henrietta Lacks kule Baltimore, Marekani, mwaka 1951 na hadi leo zinazaliana. Unazipanda kwenye sahani ya vishimo 96, unatia dawa kwa viwango tofauti, baada ya siku mbili tatu unaongeza kemikali ya njano iitwayo MTT. Seli hai huigeuza zambarau. Zilizokufa, njano inabaki.

Sahani yangu ya kwanza ilitoka njano tupu! Nikapiga simu nyumbani kabisa, tumepata dawa. Kesho yake msimamizi akauliza swali moja: vishimo vya DMSO peke yake viko wapi? Sikuviweka. Niliporudia nikiwa navyo, navyo vikatoka njano. Nilikuwa nimemimina DMSO karibu asilimia 5, wakati haitakiwi kuzidi 1, na nusu asilimia ndiyo salama zaidi. Mti wa watu haukuwa umefanya lolote, muuaji nilikuwa mimi.

Tuliposahihisha, dawa ilionyesha nguvu kiasi. Lakini iliziua pia seli za Vero, za figo ya tumbili, ambazo si za saratani, karibu kwa kipimo kilekile. Mimea mingi huishia hapo. Kuua seli kwenye sahani hata jiki inaweza, kazi ni kuziua za saratani na kuziacha zisizo za saratani, tena kwa kiwango ambacho damu ya mtu itakifikia bila kumdhuru.

Si kwamba miti haina kitu. Vinkristini, dawa ya saratani, inatoka kwenye lile ua la Madagaska ambalo watu hulipanda getini (msitafune majani yake, ni sumu). Paklitakseli, dawa nyingine ya saratani, ilianzia kwenye magome yaliyokusanywa Marekani 1962, ikaruhusiwa kutibu wagonjwa 1992. Na mgonjwa hupewa kiini kilichosafishwa, kwa miligramu, si kwa kikombe.

Shangazi usimgombeze. Ila mama akienda kliniki KCMC, hospitali ile ya Moshi, bebeni hayo magome daktari ayaone kabla ya kemo (dawa za kuua saratani), maana mimea mingine huvuruga namna ini linavyoshughulikia dawa.