Maji ya Goma hayachemki kwa 100: kwa walimu wanaoanza kufundisha fizika

Juma lililopita nilipata ujumbe kutoka Lubumbashi. "Jambo Mwalimu. Mimi ni yule wa 95. Siku hizi nafundisha fizika, na watoto wangu wamepima wakapata 96. Niwaambie nini?"

Niliusoma nimesimama, kisha nikatafuta kiti. Yule wa 95 namkumbuka vizuri. Ni msichana niliyempa sifuri, hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kwa kosa la kusema kweli.

Shule nzima tulikuwa na kipimajoto kimoja. Nilikuwa kijana, nimetoka chuo na daftari langu safi, nikaandika ubaoni kwamba maji huchemka kwenye digrii 100. Tukawasha mbabula, jiko letu la makaa, uani, tukaweka sufuria, nikamwita asome. Akasema 95. Nikamwambia asubiri, asome tena. Maji yanatokota kabisa, mvuke unampiga usoni, naye anasema 95. Darasa likacheka. Nikatangaza kwamba kipimajoto kimekufa na kwamba yeye hajui kusoma namba, nikaandika sifuri mbele ya wenzake. Hakulia. Alibaki akiitazama ile sufuria.

Prefe, mkuu wa shule, alinisifu kwa nidhamu ya darasa. Inspekta naye akafungua daftari langu la maandalizi akaweka sahihi. Hakuna aliyeuliza habari ya sufuria, na hilo linaniuma mpaka leo, maana angeuliza mtu mmoja tu, ningelazimika kufikiri.

Miaka iliyofuata naiacha; ilikuwa chaki, masahihisho na kusubiri prime, ile nyongeza ya mshahara. Nifike 2016, nilipopanda Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu. Tulianzia Kibati asubuhi na walinzi wa mbuga, tukafika ukingoni jioni, mita 3,470, baridi ikikata vidole. Chini yetu ziwa la moto lilikuwa linapumua. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilikuwa nimebeba kipimajoto nilichonunua kwa pesa yangu, na maji ya chai yalipotokota nikakitumbukiza: 88.

Sheria yenyewe niliijua tangu chuo, na niliifundisha kila mwaka! Ili maji yachemke, mapovu yake lazima yaweze kuisukuma hewa inayoyakandamiza kutoka juu. Ukipanda, hewa hupungua, mapovu hushinda mapema. Kila mita 300 hivi za kupanda hukuondolea karibu digrii moja. Goma iko kwenye mita 1,460 hivi. Hewa inayotukandamiza ni pungufu ya ile ya pwani kwa karibu sehemu moja ya sita. Gawanya 1,460 kwa 300, toa kwenye 100. Nilipiga hesabu hiyo kwenye kiganja cha mkono, kule juu gizani, ikaja 95. Sura ile ya kitabu sikuwahi kuihusisha na sufuria. Mama yangu aliihusisha, na hakusoma fizika hata siku moja: alipopika maharage aliweka jiwe juu ya kifuniko, kwa kuwa bila jiwe makaa yangeisha na maharage bado magumu.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, pima kwanza. Kabla ya fomula, pima. Mtoto akileta namba usiyoipenda, mpe kipimajoto apime tena, na wewe upime naye.

Pili, toka nje. Chukua mazuku. Kila mtoto wa huku analijua neno hilo kutoka kwa bibi yake: upepo mbaya unaolala mabondeni upande wa Sake na kuua mbuzi alfajiri. Zamani niliona ni hadithi ya jikoni, nikaipita niende kwenye densiti ya gesi. Kumbe ndiyo densiti yenyewe. Ni kaboni dioksaidi itokayo ardhini, nzito kuliko hewa mara moja na nusu, ikijaa shimoni kama maji hasa usiku usio na upepo. Mbuzi hufa na mtu mzima aliyesimama kando yake akapona, kwa sababu pua ya mbuzi iko chini. Na mtoto mdogo yuko karibu na mbuzi kuliko na baba yake. Usiwapeleke watoto huko, hata kwa kutazama. Darasani changanya siki na magadi ya kuokea, vitatoa gesi hiyohiyo; subiri povu litulie, kisha uimimine ile gesi peke yake juu ya mshumaa. Utazimika bila mtu kupuliza. Siku niliyofanya hivyo, mvulana mmoja wa nyuma alisimama akasema shangazi yake alikufa kwa mazuku, na darasa zima likanyamaza. Saa hiyo hakuna aliyeniuliza kama swali hilo litatoka kwenye Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari.

Niliwahi kuomba kuwapeleka wanafunzi wangu Bukavu kwa boti, tupime joto la maji ya Kivu njiani. Mkuu mmoja alinijibu kwamba fizika haiko ziwani. Ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 450, lenye methani inayochomwa ng'ambo ya pili, Rwanda, kutoa umeme! Ndugu walimu, msikubali jibu la namna hiyo. Ombeni tena. Pimeni tena.

Nirudi kwa msichana wangu. Swali lake la kweli lilikuwa hili: kwenye mtihani mtoto aandike ngapi? Nimemjibu aandike 100, lakini ajue kwamba ni 100 ya usawa wa bahari, na ukutani mwa darasa ibandikwe 96 ya Lubumbashi pamoja na majina ya waliopima. Nikamwomba radhi kwa ile sifuri, kwa maandishi, kwa jina langu lote.

Amejibu leo asubuhi. Habari ya sifuri hakuigusa. Anasema darasa lake limechora ramani ya Kongo na kuandika 95 hapa, 96 kule, na sasa wanataka namba ya Moanda, pale nchi yetu inapogusa bahari. Kama unafundisha huko, weka sufuria motoni utuandikie.