Nyumba moja, luku mbili: kodi ya jengo nakatwa mara mbili?

SWALI: Shikamoo dada. Mimi nina nyumba ya kawaida Mbagala, haina ghorofa, upande nakaa mimi na upande wana wapangaji, kila upande na mita yake. Kila mwezi nikinunua umeme mara ya kwanza inakatwa 1,500, na mpangaji naye analalamika anakatwa hivyohivyo. Ni sawa kweli? Na mama yangu ana miaka 71, nyumba anayokaa ni yake, naye analipa tu.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo 1,500 ni kodi ya jengo, tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye luku, zamani ulikuwa unapanga foleni kulipa mwenyewe. Ilianza na 1,000 kwa mwezi, kuanzia Julai 2023 ikapanda, sasa nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka na ghorofa mjini ni 90,000 kwa kila sakafu, yaani 7,500 kwa mwezi. Usiponunua umeme miezi miwili mitatu haifutiki, inakusubiri, ndo maana mtu anaweka elfu tano anapata uniti kiduchu anabaki kushangaa.

Sasa la kwako. Kodi ni ya jengo, sio ya mita, kwahiyo nyumba moja inatakiwa ikatwe kwenye mita moja tu. Chukua namba za mita zote mbili na risiti zenye makato, nenda manispaa dirisha la mapato uwaeleze ni jengo moja, waiache moja. Iachwe ya kwako tafadhali, maana anayedaiwa kisheria ni mwenye nyumba, na yule mpangaji kukulipia kodi yako mwaka mzima sio haki hata kidogo, hizo alizokatwa mpunguzie kwenye kodi ya pango. Wenye nyumba wengi hili wanalinyamazia na linaniuma sana.

Mama yako nenda naye, au ubebe kitambulisho chake. Mzee wa miaka 60 kwenda juu ana msamaha kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe, ila mfumo haujui umri wake mpaka mtu apeleke taarifa. Angekuwa na nyumba ya pili ya kupangisha, hiyo ingelipiwa.

Halafu usichanganye na kodi ya ardhi, ile ya kiwanja chenye hati, bili yake ni nyingine kabisa na luku haiigusi.