Maswali ya Wasomaji: Friji Inayotekenya na Mengine ya Umeme wa Nyumbani

SWALI: Tulihamia nyumba yetu mpya hapa Nzuguni mwezi Aprili, mvua zikiwa zinaishia, na hatukuona tatizo lolote. Tangu Agosti, kila anayegusa mlango wa friji akiwa pekupeku anatekenywa mkononi, na juzi mtoto wetu wa miaka sita alishtuka hadi akaangusha bilauri. Fundi aliyetufanyia wayaringi anasema hayo ni ya kawaida Dodoma wakati wa kiangazi, tuvae kandambili na tumwagie maji ya chumvi pale ilipochimbiwa nondo ya ethi. Je, ushauri huo unafaa? – Baba wa watoto watatu, Nzuguni

JIBU: Ndugu yetu, fundi wako amesema kweli kuhusu kiangazi, ila dawa aliyokupa haitibu chochote. Waya wa ethi, ule wa kijani wenye mstari wa njano, huanzia kwenye bati la friji, hupita katika jino nene la plagi, huzunguka ndani ya kuta na kuishia kwenye nondo iliyochimbiwa nje. Umeme ukivuja na kufika kwenye bati, unatakiwa ukimbilie udongoni kwa njia hiyo kwa wingi na kwa kasi, ili sakiti breka ishtuke na kukata. Udongo wenye unyevu huupokea vizuri, lakini udongo mkavu huugomea, na hapa kwetu mvua zikikatika hupita miezi kadhaa bila tone.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme nondo yako, katika udongo wa Agosti, ina ukinzani, yaani kipimo cha jinsi inavyougomea umeme, wa omu 200. Umeme wa nyumbani ni volti 230, na ukigawanya kwa 200 unapata ampea 1.15 tu. Sakiti breka ya soketi, ambayo kwa kawaida ni ya ampea 20 au 32, haiwezi kutikisika kwa kiasi hicho, kwa hiyo bati la friji linabaki na umeme mchana kutwa, likimsubiri atakayeligusa. Inawezekana pia kwamba friji yenyewe ni nzima kabisa, na kinachowatekenya ni ule umeme mdogo ambao ungemezwa na ethi kama waya wake ungekuwa umeunganishwa sawasawa. Katika nyumba moja mpya ya Ilazo niliyoitwa kuitazama, kilichoitwa ethi kilikuwa kipande cha nondo kilichobaki kwenye linta, kimezamishwa kama urefu wa mkono, na waya umezungushiwa juu yake bila hata klampu. Ukiuvuta kwa vidole viwili, unatoka.

Kandambili zinamkinga aliyezivaa, tena zikiwa kavu, lakini umeme unaendelea kuvuja, na mtoto hakumbuki kuvaa viatu anapofuata maji baridi. Maji ya chumvi hupunguza ukinzani kwa muda, kisha chumvi husombwa na mvua baada ya kuwa imekwisha kuila nondo, na ubaya wake mkubwa ni kwamba huficha dalili mpaka mtu asahau kwamba kulikuwa na kasoro.

Leo hii, ukiwa umevaa viatu na mikono ikiwa mikavu, zima soketi ya friji na uchomoe plagi. Kama mna shawa ya umeme, acheni kuitumia hadi ethi itakapopimwa, kwa maana mtu aliyelowa mwili mzima hatekenywi, anauawa. Kisha fungua kifuniko cha kisanduku cha sakiti breka na utafute breka yenye kitufe cha herufi T, ambayo mara nyingi huandikwa RCCB na 30 mA. Kazi yake ni kukata umeme mara tu unapovuja kiasi cha miliampea 30, yaani kidogo mno kuliko ile ampea 1.15 ya hesabu yetu. Bonyeza kitufe hicho: umeme ukikatika, breka ina uhai. Usipokatika, au ukikuta breka hiyo haipo, hapo mpaka wako umefika, kwa sababu mwenye nyumba anaruhusiwa swichi, plagi na kitufe, ila kilicho nyuma ya skrubu ni cha fundi.

Fundi huyo awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na usione haya kumwomba akuonyeshe. Aje na kipimo cha ukinzani wa ethi, akague waya kutoka soketi hadi kwenye nondo, aongeze nondo ndefu zaidi au zaidi ya moja ikibidi, na afunge ile breka ya RCCB kama haikuwepo. Akija na bisibisi ya tesita peke yake, mpe chai, mshukuru, na utafute mwingine.

SWALI: Jikoni kwangu natumia ekstensheni moja kwa jagi la umeme, pasi na sufuria ya umeme ya wali. Fyuzi ya plagi iliungua mara tatu, mdogo wangu akaizungushia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Haijaungua tena, lakini plagi imekuwa ya kahawia na kunanuka dagaa ilhali sijapika dagaa. – Dada wa Kizota

JIBU: Dada, harufu hiyo ni plastiki ya plagi au ya soketi inayopikwa na joto. Jagi la wati 2,000, pasi ya 1,200 na sufuria ya 700 hufanya wati 3,900, yaani karibu ampea 17, wakati plagi imetengenezwa kwa ampea 13. Fyuzi ilivumilia, kisha ikakata, kama ilivyopaswa. Mdogo wako amemfukuza mlinzi, na sasa kitakachoungua kwanza ni waya wenyewe, pengine nyuma ya kabati. Tupa ekstensheni hiyo, usiisugue meno kwa msasa. Soketi ya ukutani iliyobadilika rangi ibadilishwe na fundi, naye atazame kama nyaya za nyuma yake ni za milimita 2.5 za mraba, kwa kuwa wapo wanaobana matumizi kwa kuweka zile za 1.5 za taa.

SWALI: Upepo ukivuma, waya unaotoka kwenye nguzo hutoa cheche unapoingia chini ya paa. Kijana wa mtaani anasema ataukaza kwa shilingi elfu kumi. – Mama wa Kondoa

JIBU: Mama, shikamoo. Asipande. Waya wa kutoka nguzoni hadi kwenye mita ya LUKU ni wa TANESCO, nao ndio wa kupigiwa simu leo, si kesho. Msiruhusu mtu kuegemeza ngazi ya chuma hapo. Moto ukionekana, tokeni wote nje, msirushe maji, na mpige 114 kuwaita Zimamoto. Wakati mnawasubiri TANESCO, zimeni meini swichi ili umeme usipite kwa wingi katika kiungo kilicholegea, jambo ambalo huenda likapunguza cheche, lakini waya wenyewe utabaki na umeme kamili.